Kidole cha Tano

Lori la kokoto lilikuwa likipanda kilima kwa kukoroma dereva alipomtupia abiria wake jicho la pembeni.

"Kwa hiyo wewe ndiye wa gazeti."

"Wa jarida," alisema mgeni. Alikuwa amezunguka nchi nyingi akiandika habari za watu, na alishazoea kupimwa na madereva.

"Yote karatasi. Na unakwenda kwa mama wa kidole."

"Kidole gani?"

Dereva alicheka mpaka usukani ukayumba. "Bosi, umesafiri njia yote hiyo hujui kidole? Yule mama anasafisha nyayo za mnyama wa kale, zile zilizogeuka mawe. Zote zina vidole vinne. Unyayo wa mwisho una vitano. Makumbusho wakatangaza mnyama mpya, mkuu wao akapigwa picha. Sasa wataalamu wanauliza, hicho cha tano kimetoka wapi?" Alibadilisha gia. "Mumewe anachonga mawe ya makaburi. Mume ana tindo, mke ana brashi. Hesabu hiyo hata mimi niliyekimbia umande naiweza."

Mgeni aliposhuka, ile habari aliyokuja nayo kichwani, ya mwanamke mpole na mawe yake, ilikuwa imekwisha kuchacha.

Banda lilisimama ukingoni mwa machimbo yaliyoachwa, paa la bati na kuta za turubai, sakafu yake mwamba wenyewe. Mwamba huo zamani ulikuwa tope. Mnyama alipita, mchanga ukajaza nyayo zake, kisha tope na mchanga vyote vikawa jiwe. Kazi ya Bibi Brashi, kama walivyomwita, ilikuwa kuutoa ule mchanga bila kulikwaruza tope. Kati ya kusafisha unyayo na kuuchonga hapana umbali. Mkono ukipitiliza kidogo tu, umempa mnyama mguu ambao hakuzaliwa nao.

Alikuwa amepiga magoti, pedi za raba zimefungwa kwa kamba, uso karibu unagusa mwamba. Hakuinuka.

"Pita pembeni. Vua viatu."

Wifi yake, dada wa mumewe, ambaye ndiye mlinzi wa banda, alimkagua mgeni kutoka kichwani mpaka soksi. "Moja imetoboka," alitangaza. "Kidole kinachungulia. Wifi, mwangalie huyu, asije akatuongezea kingine."

Bibi Brashi hakucheka.

Alimjibu mgeni kila alichouliza. Alivyoanza: aliajiriwa kufagia, mtaalamu mmoja akaona ana mkono mwepesi, akampa brashi. Watoto wake walivyokua: walilala humu humu chini ya turubai, na neno la kwanza walilofundishwa ni "usikanyage". Goti linalomuuma mvua ikikaribia: la kushoto. Lakini mgeni alipougusia unyayo wa mwisho, mdomo ukafungwa.

Wataalamu walikuwa wanakuja kesho yake, na walitaka jambo moja tu: unyayo upasuliwe, waone matabaka ya chini. Mguu wa kweli hukandamiza tope, na matabaka huinama kama godoro chini ya mtu mzima. Tindo haikandamizi, hukata tu. Bibi Brashi alikuwa amegoma. Ikionekana ni tindo, haitakwenda kazi peke yake. Kila unyayo aliowahi kuugusa utatiliwa shaka.

"Ukikatwa haurudi," alisema, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo.

Jibu zuri, mgeni aliwaza, la mtu mwenye cha kuficha. Bibi Brashi alipotoka kunawa, mgeni aliinama akakipima kidole cha tano kwa njiti ya kiberiti. Kilikuwa chembamba kuliko wenzake, tena kimenyooka mno. Alipoinua kichwa, wifi alikuwa nyuma yake.

"Umepata ulichokitafuta, afande?"

"Naangalia tu."

"Wote wanaangalia tu."

Bibi Brashi alirudi akikung'uta maji mikononi. Wifi alimgeukia, sauti ikashuka.

"Wifi yangu, nimelimeza hili siku nyingi, leo nalitema. Kaka anakuja hapa kesho. Atawaambia wataalamu kidole alikichonga yeye."

Bibi Brashi aliketi pale pale juu ya mwamba. "Kwa hiyo ni yeye," alisema polepole. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilipolala na homa, yeye ndiye aliyekuja kunishikia kazi. Naamka, nakuta kidole. Namuuliza ulifanya nini, ananiambia nilifagia tu. Nilifagia tu! Tangu siku hiyo nalala nimempa mgongo, na huku namkingia kifua. Wakikata, si wataona mkono wake?"

Wifi alishika kichwa. "Mwanamke wewe! Kaka anaamini umechonga wewe! Anataka kujitwisha yeye ili usifukuzwe. 'Mimi nina makaburi yangu,' ananiambia, 'yeye ana nini bila lile banda?'"

Mgeni aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Wazo lilimjia kwamba igizo hili limepangwa kwa ajili yake, na wazo hilo halikutoka hata alipomwona Bibi Brashi anaingia stoo na kurudi na grenda. Mbele ya macho yake, ushahidi ulikuwa unakwenda kusagwa.

"Wasubiri wataalamu," alisema.

"Wakija wao, mume wangu naye atakuwa amekuja kujitwisha asilolifanya. Shika mpira wa maji."

Alishika. Grenda ililia, maji yakawa uji wa kijivu. Bibi Brashi alipenyeza kabari, jiwe likaachana, akaufuta uso wa mkato kwa kiganja.

Chini ya vidole vinne matabaka yaliinama, moja chini ya jingine. Chini ya cha tano hayakuinama, wala hayakuwa na kovu la tindo. Palikuwa na kitundu cha mviringo, kikishuka mshazari ndani ya jiwe, chini zaidi kuliko tindo yoyote inavyofika, na huko chini bado kimejaa mchanga. Mchanga wenyewe ulimomonyoka ulipoguswa na ncha ya kidole.

"Nini hicho?" wifi aliuliza.

"Mnyoo."

"Mnyoo?"

"Alichimba nyumba yake kando ya unyayo, tope likiwa bichi. Mchanga wa juu ulilegea. Ufagio unatosha kuutoa."

"Yaani kaka yangu ametazama mgongo muda wote huu kwa sababu ya mnyoo!"

Bibi Brashi alikuwa anahangaika na kamba za pedi. Fundo moja lilikataa, akalikata kwa meno. "Alifagia tu," alisema, kama anayemwambia mtu mwingine.

"Sasa kesho? Na mkuu na mnyama wake mpya? Tuwaambie nini?"

"Mgeni yupo. Si alikuwa anaangalia?"

Bibi Brashi alitoka, viatu mkononi, akateremka njia ya kwenda kwenye uwanja wa mumewe. Kutoka huko nyundo ilisikika ikigonga jiwe. Mgeni alisubiri mpaka iliponyamaza.

"Funga maji, wewe," wifi alimwambia. "Unaloanisha hata soksi nzima."