Wiki ya Kuipaka Rangi Pikapu ya Baba

Harufu ya thina, ile ya kuyeyushia rangi, huingia puani kabla mtu hajajua kwamba amevuta pumzi, na mimi kila inaponifikia huwa mtoto tena, ingawa sasa ni mtu mzima mwenye kazi na gari langu mwenyewe. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja harufu hiyo ilikaa nyumbani kwetu Itetemia wiki nzima. Iliingia kwenye ugali, kwenye mashuka na kwenye sare yangu ya shule, mpaka mwalimu akaniuliza kama kwetu tumefungua gereji. Hatukuwa tumefungua gereji. Baba alikuwa akijiandaa kuipaka rangi pikapu yake uani, kwa mkono wake mwenyewe, na sote mle ndani tulikuwa tunaogopa.

Miezi mitatu kabla ya hapo tairi la mbele lilipasuka tukitoka Usoke na mzigo wa tumbaku. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake. Pikapu iliacha barabara ikalala ubavu mtaroni, na mkono wangu wa kushoto ukavunjika. Ajali haina kinga, watu walimwambia, lakini baba hakutaka kufarijiwa. Mkono wangu ulipona upesi. Mikono yake ndiyo iliyougua. Kila aliposhika ufunguo vidole vilitetemeka, akaurudisha kwenye msumari na kwenda kukaa nyuma ya nyumba. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na baba alishtuka hata pale jirani alipopiga honi. Kilichoniuma mimi zaidi ni kwamba aliacha kunitazama. Nilimwamkia kila asubuhi, naye akaitikia "marahaba" macho yake yakiwa mlangoni. Mwishowe mama alichoka kungoja, akasema gari liuzwe kabla halijaota uyoga. Baba akaomba wiki moja. Mabati yalikwisha kunyooshwa, akasema. Atalipaka rangi yeye mwenyewe, na rangi ikitoka vizuri ataliendesha tena. Ikiharibika liuzwe, na yeye asiulizwe habari za usukani maisha yake yote.

Sijui kwa nini alijiwekea mtihani wa namna hiyo, maana hakuwa mpaka rangi. Alichokuwa nacho ni urafiki na Fundi Seif, mzee wa mjini aliyepaka magari tangu ujana wake, ambaye alituazima kompresa ya kusukuma hewa na bunduki ya kupulizia rangi kwa sharti kwamba baba asikilize kila neno. Kwanza yakaja matayarisho. Tulikusanya msasa mkavu na msasa wa maji, kopo la puti la kuziba mabonde, praima ya kijivu ya kutangulia rangi, thina, na makopo mawili ya rangi ya bluu ambayo mama aliyatazama kama wageni waliokuja bila taarifa. Vioo na taa tulivifunika kwa magazeti, na utepe wa karatasi ulipokwisha tukabandika kwa uji mzito wa muhogo. Nilisugua mlango mmoja kwa msasa wa maji mpaka ncha za vidole zikalainika kama za mtoto mchanga. Nilikuwa na hofu ya kuacha hata kovu dogo, kwa sababu Fundi Seif alisema rangi haifichi kitu, inaanika.

Kuandaa vifaa kulikuwa rahisi kuliko kumwandaa baba. Fundi alimwamuru ajaze maji kwenye bunduki na kufanya mazoezi kwenye ukuta wa choo, kila asubuhi, kushoto kwenda kulia bila kusimama. "Ukisimama, rangi inalia machozi," alisema. "Na ukiwa na hasira, usije kabisa. Kanywe maji, ulale." Siku ya kwanza maji yalichora ukuta mistari iliyopinda ovyo, nami niliyekuwa nikichungulia kutoka jikoni nilirudi ndani kabla hajageuka. Baba akaacha chai ya rangi akidhani ndiyo inayomtetemesha. Akaacha kubishana na mama juu ya mauzo. Siku ya nne mstari ulinyooka kidogo, siku ya tano ukapinda tena. Septemba kwetu upepo huamka saa nne na kubeba vumbi lote la Unyanyembe, kwa hiyo ilikuwa lazima kazi ifanywe alfajiri, uwanja ukiwa umemwagiwa maji, umeme ukiwa na huruma. Vitu vya kuogopa vilikuwa vingi kuliko watu wa kuviogopa.

Mimi nilipewa kazi moja yangu peke yangu: vitambaa vya pamba vya kupangusia, safi, visivyo na mafuta. Kazi ndogo, lakini baba aliponituma alitaja jina langu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Mama alikuwa anauza asali, na stoo yake ilikuwa na vitambaa vyeupe alivyochujia nta baada ya kuchemsha masega. Niliviloweka, nikavifua kwa sabuni mara tatu, nikavianika vikatakata kama vya madhabahuni. Haikunipitia akilini kwamba nimekosea. Katika nyumba ya asali kama yetu mafuta ni yale ya kupikia na ya kujipaka; nta ni nta, tunda la msitu, kitu kisafi. Alfajiri ya Jumamosi nililowesha kitambaa kwa thina kama Fundi alivyonielekeza, nikapangusa boneti yote kwa bidii. Milango ilikuwa imepanguswa na Fundi mwenyewe kwa kitambaa chake.

Baba alianza na milango. Mkono ulikwenda kushoto kulia, kushoto kulia, haukutetemeka, na bluu ikalala juu ya praima nyororo, inang'aa. Mama aliyejidai yuko jikoni alitoka na mwiko wake akasimama. Kisha baba akafika kwenye boneti. Rangi ikagusa bati na kukimbia, ikaacha vishimo vidogo vidogo kama ngozi ya aliyetoka kuugua tetekuwanga. Akapuliza tena, vikazidi. Fundi Seif akamshika bega, akaokota kitambaa changu, akakinusa.

"Hii nta, rangi haishiki juu yake," alisema.

"Nani kaingia stoo kwangu?" mama akauliza.

Ningeweza kunyamaza. Niliona mkono wa baba ukianza kutetemeka, nikajua ni mimi niliyeuza gari na ni mimi niliyemnyang'anya usukani. "Ni mimi, baba," nikasema. "Nilivifua. Niliona vimetakata." Nikaanza kulia kwa sauti, na mama akaanza kunifokea. Baba akaiweka bunduki chini. Akanitazama, usoni kwanza, halafu mkono wa kushoto, pale ulipovunjika.

"Mwache mtoto, mama," alisema. "Alifua, akaona ni safi. Na mimi siku ile niliyapiga matairi teke moja moja, nikaona ni mazima." Akachuchumaa mbele yangu. "Niliyakagua, mwana wane, mwanangu. Wallahi niliyakagua."

Hakuwa amewahi kuyasema hayo kwa mtu, wala hakurudia. Fundi Seif, Mwislamu mcha Mungu, hakumtania hata kwa ile wallahi iliyomponyoka baba, mzee wa kanisa. Tulikwangua boneti siku hiyo hiyo, tukaisafisha kwa vitambaa vya shuka kuukuu, na Jumapili alfajiri akaipaka upya. Ilitoka bluu iliyokolea kidogo kuliko milango. Jumatatu baba aliniita nikae kando yake, tukaenda mpaka Usoke na kurudi, na mikono yake ilitetemeka mpaka tulipovuka reli, kisha ikatulia.

Siku hizi gari langu likikwaruzwa nalipeleka mjini, linafungiwa kwenye chumba cha kupakia rangi, rangi inapimwa kwa kompyuta, na kesho yake nalichukua bila mtu kukosa usingizi. Kazini nina vijana sita chini yangu. Mwezi uliopita mmoja aliharibu kazi ya wiki nzima kwa kosa la kutojua, akaja mwenyewe kuniambia, akilia. Nilimfokea mbele ya wenzake. Ilinichukua siku mbili kumwita na kumweleza kosa langu mimi la vile vitambaa, lililofanana na lake. Baba, siku ile, aliniambia lake kabla hata hajanawa rangi mikononi.