Pilau Katikati ya Fainali Mbili

Mimi ndiye mchezaji pekee ninayemjua aliyekaa benchi katika michezo miwili kwa msimu mmoja. Nasema kwa fahari. Benchi la kandanda lina jua lake na benchi la kikapu lina baridi yake ya AC, na mimi nilizimudu zote mbili bila kuumia hata kidole.

Shule yetu ni ndogo. Ukitoka mtaani kwetu International City, huku ughaibuni kwa Waarabu, unafika kabla hujamaliza kumsengenya mtu mmoja. Wavulana wa kucheza ni wachache, kwa hiyo timu ya kandanda ndiyo hiyohiyo timu ya kikapu: miguu ileile, jezi zilezile, harufu ileile. Asubuhi tulikuwa wa mwalimu wa michezo, Mzanzibari ambaye tumbo lake hufika uwanjani kabla yake. Jioni tulikuwa wa mwalimu wa hesabu, Mfilipino mfupi anayetembea kama ana springi kwenye viatu. Uwanja nao ni mmoja, wa saruji. Magoli yako huku na huku, na pembeni ipo nguzo ya kikapu ambayo mwalimu wa hesabu aliichomelea mwenyewe kwenye karakana ya rafiki yake kule Al Quoz. Aliipaka rangi ya chungwa. Kila Jumapili, wiki ikianza, aliifuta vumbi kwa kitambaa kilekile cha kufutia miwani yake.

Mwaka ule timu zote mbili zikafika fainali. Hakuna aliyetegemea, na wa mwisho kutegemea tulikuwa sisi wenyewe. Nikadhani madam, mwalimu wetu mkuu, atatuletea keki. Akatuletea habari. Alisimama paredi akasema mabasi ya shule hayana pa kulala, kwa hiyo mwakani nusu ya uwanja itakuwa maegesho, na mchezo mmoja utabaki.

"Utakaoleta kombe ndio utakaobaki," akasema.

Nikanyoosha mkono. "Madam, na tukileta yote mawili?"

Paredi nzima ikacheka. Madam hakucheka.

"Mkileta yote mawili, mabasi nitayaegesha kichwani mwangu."

Nikamtazama kichwa, nikafumba jicho moja, nikaanza kukadiria. Nikaambiwa nikasimame nje ya ofisi.

Lakini kila mtu alielewa. Kandanda tulikuwa wakali kweli. Kikapu tulifika fainali kwa kudra za Mungu na kwa urefu wa Mganda mmoja, rafiki yangu, ambaye pia ndiye golikipa wetu. Kombe la kikapu lilikuwa ndoto, na nguzo ile ya chungwa ilikuwa tayari chuma chakavu. Jumapili iliyofuata mwalimu wa hesabu hakuifuta. Aliishika tu, kama unavyomshika mtu bega msibani, halafu akaenda kufundisha sehemu za desimali. 

Fainali zikapangwa Ijumaa moja, kituo kimoja cha michezo: kandanda nje asubuhi kabla ya swala, kikapu ndani alasiri. Baba yangu hupeleka mizigo ya watu Mombasa kutoka Deira, akatupa gari lake. Tukafika tumebanana katikati ya makatoni ya kwenda Likoni na Kisauni, nami nimekalia televisheni ya mtu. Mlinzi wa getini akachungulia.

"Mmeleta nini?"

"Hatujaleta," nikamwambia. "Tumekuja kuchukua."

Kandanda sina la kusimulia, tulishinda. Mganda alidaka penalti ya mwisho kwa uso, akaamka na pua nyekundu akiuliza kama imeingia. Mwalimu wa michezo alikimbia na kombe uwanja mzima, tumbo mbele, yeye nyuma, akilia kwa Kiunguja safi.

Imebaki moja.

Tulipotoka kuswali, tukalikuta gari la baba limerudi. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, ikatoka harufu. Kisha akatoka mama. Kisha likatoka sufuria ambalo kwetu huonekana harusini tu. Mwalimu wa hesabu alikuja mbio na Kiingereza chake.

"Mama, tafadhali! Ndizi tu. Ndizi na maji."

"Ndizi zipo, sir," mama akamjibu.

Na kweli zilikuwepo, kando ya pilau.

"Wana mechi, mama," nikamnong'oneza.

"Ndiyo maana wale washibe. Mtoto wa watu atakimbiaje na njaa? Tandika mkeka."

Nikatandika pale maegeshoni, kwenye kivuli cha gari. Wenzangu walikaa kabla mkeka haujagusa chini. Mama akashika upawa, kisha akasimama, akatazama ngazi za ukumbi. Wavulana kumi hivi wa shule kubwa, wenye viatu vya kung'aa, walikuwa wameshika vipande vya biskuti za wanamichezo, pua zao zimetuelekea sisi.

"Na wale?"

"Wale ndio maadui, mama. Tunacheza nao sasa hivi."

"Adui hana tumbo? Tule huku watoto wa watu wanatutumbulia macho? Waite."

"Mama!"

"Nimesema waite. Usinitie aibu mbele ya wageni."

Kwetu ndivyo ilivyo. Huli mbele ya mtu usimkaribishe, hata kama baada ya saa moja atakufunga. Nikawaita kwa sauti ndogo ya makusudi. Wakasikia. Wakaja wote, na kocha wao mbele kabisa, kijiko mkononi, sijui alikitoa wapi.

Na kwa kuwa mimi ni mtoto wa mwenye shughuli, sikukaa. Mtoto wa nyumbani hunawisha wageni mikono, hupitisha kachumbari, huokota mifupa, hula mwisho. Nilikimbia na birika huku na huku. "Hapa ongeza!" "Pilipili!" "Nyama hii imekwisha!" Mganda alikuwa kwenye sahani ya tatu.

"Banange, jamani! Mama yako anapika hivi, na wewe umekonda namna hii?"

"Kila siku kuna wageni," nikamwambia.

Zamu yangu ilipofika, sufuria lilikuwa na ukoko tu. "Huo ndio mtamu," mama akanifariji. Nilikuwa nimekwangua vijiko viwili filimbi ikalia ndani ya ukumbi. Yalla, haya twende, mechi.

Sijawahi kuona kikapu kama kile. Wachezaji kumi waliingia kama maharusi, hatua moja, wanapumzika, hatua nyingine. Mpira ulidunda peke yake katikati na kila mtu akimngoja mwenzake auokote. Mganda aliruka kugombea mpira, mikono ikapanda, miguu ikabaki. Nyota wao aliinama kufunga kamba ya kiatu, akakaa hukohuko chini. Mwamuzi alisimamisha mchezo akauliza kama tumegoma.

Wale wa shule kubwa walikuwa wametutangulia kidogo tu, kwa sababu walianza kula baadaye. Mwalimu wa hesabu anajua neno moja la Kiswahili, tulilomfundisha sisi. "Haraka!" akapiga kelele. "Haraka! Haraka!" Ikamjibu kwikwi. Akageuka, uso umemshuka, akatazama benchi. Nikatazama nyuma yangu. Ulikuwa ukuta.

"Wewe. Umekula?"

"Sijala, sir."

"Kabisa?"

"Ukoko. Na sikuumaliza."

Yule ni mtu wa hesabu, na sijaona akipiga hesabu haraka namna ile.

"Ingia. Usirushe. Usifikiri. Kimbia tu."

Nikakimbia. Wallahi nilikimbia kama mwizi wa kuku. Nilichukua mipira mikononi mwa watu waliofurahi kuitua. Nilikuwa nampelekea Mganda, namweka mpira kiganjani, yeye anaudondosha kikapuni bila kuruka. Mama alikuwa amesimama juu ya kiti: "Kimbia mwanangu, chakula kipo!" Uongo mtupu, nililiona sufuria kwa macho yangu.

"Kaka, ni ile minofu ya mwisho iliyokumaliza," nikamwambia nyota wao nilipompita.

"Nyamaza, nitakutapikia."

Tukawafikia. Matokeo sawa, saa inaisha, nami nina mpira na sijui pa kuupeleka. Nyota wao akaja kunizuia. Hakunisukuma, aliniegemea tu apumzike, tukaanguka wote. Filimbi. Mitupo miwili ya bure, na mtupaji ni mimi.

Nikamtazama mwalimu wa hesabu. Alikuwa amefumba macho, mkono wake umeshika hewa, kwa namna ileile alivyoishika nguzo yake.

Mtupo wa kwanza haukugusa chuma wala ubao. Ulimgusa mwamuzi. Ukumbi ukaguna, na mimi tumbo langu likaguna kuliko ukumbi. Wa pili niliutupa kwa hasira ya njaa. Ukapiga ubao, ukazunguka chuma, ukakaa pale juu unafikiria, kisha ukadondoka ndani.

Sikumbuki kilichofuata, ila uzito wa Mganda aliyeshiba juu ya mgongo wangu, na mwalimu wa hesabu akiupeleka mkono wa mama kwenye paji la uso wake, kama wanavyofanya kwao kwa wakubwa, na mama akisema, "Haya, haya, sir, nimelisha watoto tu."

Jumapili paredi ilipanga mistari ikingoja. Madam akatoka ofisini, mgongo umenyooka, na juu ya kichwa chake kibasi cha njano cha kuchezea. Alitembea nacho hadi kwenye nguzo ya chungwa. Hakikuanguka.

"Nimeegesha," akasema. "Khalas, yamekwisha."

Mabasi yenyewe sasa yanalala nyuma ya shule, kwenye mchanga. Shule ilipiga makofi mpaka walimu wakachoka kutunyamazisha. Mwalimu wa hesabu akatoa kitambaa chake, akaifuta nguzo kuanzia chini, taratibu, mpaka mkono wake ulipokoma. Nikasogea kupokea sifa zangu.

Akanitazama juu ya miwani.

"Alhamisi tuna mechi ya kirafiki," akasema. "Usile."