Ubeti wa Mwisho wa Mzee Zelig

Mzee Zelig, niliyekuwa namtunza kule Downsview, mtaa wa Toronto, alikuwa mshairi wa Kiebrania, ingawa jirani zake walimjua kama fundi makoti mstaafu tu. Alizaliwa Lithuania, baba yake mwalimu wa Torati. Siku hizo kwao Kiebrania kilikuwa cha kusalia na kusomea; vijana wachache ndio walikuwa wanakitungia mashairi ya mambo ya kila siku. Yeye alianza na shairi la viazi.

"Baba akaniuliza, 'Lugha ya Mungu unaitia kwenye sufuria?'" alinisimulia akicheka. "Nikamjibu, 'Na viazi kaviumba nani?'"

Alikula kofi, lakini hakuacha. Huku Toronto alikata makoti kiwandani miaka yote, na saa ya chakula akawa anaandika mashairi nyuma ya karatasi za kukatia vitambaa. Alitoa kitabu kimoja chembamba.

"Wasomaji wangu, Mama Joyeuse, wanaenea wote kwenye lifti ya jengo hili, na bado baiskeli inaingia," aliniambia.

Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo tulielewana vizuri.

Shairi moja lilimshinda, la mkewe, marehemu Malka. Beti zote zilikuwepo ila wa mwisho, na kumbukumbu ilikuwa imeanza kumkimbia: jambo la asubuhi, mchana hanalo. Alimwomba Mungu ampe ubeti huo kabla hajamwita. Nami nilimwombea, kanisani kwetu, kimya kimya.

Jumamosi moja ya theluji, mwaka wa 1996, alikuwa anakunywa supu, akaweka kijiko chini.

"Ubeti umekuja!"

Machozi yakamtoka. Mimi mbio, nikaleta kalamu. Akaisukuma kama kaa la moto.

"Leo Sabato. Hakuandikwi, mpaka nyota zitoke. Wala siwezi kukutuma wewe kazi ninayokatazwa mimi."

"Nyota zikitoka utakuwa nao bado?"

Hilo ndilo alilokuwa analiogopa.

Nikakumbuka kwaya yetu ya akina mama kule Bukavu, Kongo. Vitabu hatukuwa navyo. Kiongozi anaimba mstari, tunaupokea, mpaka unaingia mwilini.

"Mzee, na kuimba kunakatazwa?"

"Kuimba? Kuimba ndiyo kazi ya Sabato!"

"Basi nifundishe."

Akasema mstari, nikaupokea. Maana sikuijua, ila jina la Malka nililisikia humo. Nikautilia sauti ya wimbo wetu wa jioni, nikauimba nikiosha vyombo, nikauimba tena nikimvalisha soksi. Simu ilipolia niliiacha, nisije nikaumwaga. Yeye akasinzia. Alipoamka akaniuliza naimba nini.

Wakati wa baridi giza huingia mapema. Alizitafuta nyota mwenyewe dirishani, akasali, akashika kalamu.

"Polepole, mama."

Nikaimba. Akaandika kutoka kulia kwenda kushoto, akiitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea wageni. Nikamaliza: "Amina."

Kalamu ikasimama. "Hiyo sikuisema."

"Nisamehe, Mzee. Kwetu wimbo hauishi bila hiyo. Mdomo umezoea."

Akasoma shairi lote tangu juu, midomo ikitembea. Kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Malka alikuwa akiniambia mashairi yangu hayajui kuaga."

Akaiandika Amina yangu, akafunika kalamu, akaniomba nimpashie ile supu.