Pazia la Mchana

Katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la ngano, upande wa Mbulumbulu, dirisha ndilo lililokuwa mdomo wa nyumba. Jirani hakupiga hodi mlangoni. Alipitisha kichwa dirishani, akauliza "Mmelalaje?", akanusa sufuria, akaomba kaa la moto, akaondoka na habari zetu zote. Madirisha hayakuwa na vioo. Yalikuwa na ubao tu wa kuzuia ukungu, na ubao ukichelewa kufunguliwa asubuhi, mtu alikuja kuugonga. Nilikuwa na miaka tisa na niliamini dunia nzima inaishi hivyo, nyumba zikichunguliana.

Sisi tulikuwa tumetoka Singida. Majirani zetu wengi walikuwa Wairaqw wa hapohapo.

Msimu wa kuvuna, katika baridi ile inayoingia mpaka kwenye meno, baba alirudi kutoka kwenye magunia akiwa ameshika ubavu. Kichomi. Usiku huohuo akaanza kuwaka homa. Hofu ya mama haikuwa homa peke yake. Nyapara alikuwa amekwisha kututangazia kwamba chumba ni cha anayefanya kazi, na walikuwapo wanaume kutoka Dodoma waliolala chini ya matrela wakisubiri chumba kiwe wazi. Asubuhi mama akaenda kwa nyapara, akamwambia mumewe amefiwa na mama yake, ameondoka alfajiri kwenda kuzika. Nyapara akampa pole, akampa na wiki mbili.

Kwa hiyo baba hakutakiwa kuonekana. Tungefunga ubao, lakini moshi wa kuni ulimkaba akakohoa mpaka macho yakamtoka. Mama akafungua sanduku, akatoa khanga yake ya harusi, nguo pekee nzuri aliyobaki nayo miaka ile ya uhaba na foleni, akaipitisha kwenye waya na kuitundika dirishani.

Siku ya kwanza walicheka. Mama jirani wa chumba cha pili alisimama nje na ndoo yake.

"We mama! Umekuwa mke wa bwana shamba? Pazia mchana kweupe!"

"Upepo, shoga," mama akajibu kutoka ndani, mkono wake ukiwa juu ya kinywa cha baba. "Umenitia mafua."

"Haya. Kesho tutakuletea na kapeti!"

Siku ya pili khanga ilikuwa bado imening'inia, na hakuna aliyecheka. Siku ya tatu hakuna aliyeomba moto. Wanawake waliokwenda kisimani waliacha njia ya mbele ya chumba chetu, wakazunguka nyuma ya zizi. Nilimpelekea rafiki yangu maji kwenye kikombe chetu, akaficha mikono mgongoni. "Mama amenikataza," akasema, akarudi nyuma taratibu.

Nilipomweleza mama, alikaa chini sakafuni. "Wamejua," akasema. "Wamejua, wanangoja tu tufukuzwe."

Tangu hapo hakumwamini mtu. Alimchemshia baba majani ya mkaratusi, akamfunika blanketi avute mvuke. Kikohozi kilipokuja alimbana uso kwenye mto. "Polepole, baba watoto. Kohoa polepole, nakuomba." Na baba, mtu aliyebeba gunia begani huku akiimba, alijitahidi kukohoa polepole ili mkewe asiogope. Mara moja aliomba asogezewe pazia auone mlima. Mama alilia, lakini hakulisogeza.

Siku ya sita kikohozi kilinyamaza. Mama aliushukuru ukimya ule. Mimi niliutazama mdomo wa baba, umekuwa wa rangi ya majivu, nikasikia pumzi zake zikiwa fupifupi kama za ndama aliyezaliwa kabla ya siku zake. Nikaikamata khanga kwa mikono miwili, nikaivuta. Waya ukakatika. Mwanga ukatumwagikia.

Mama jirani alikuwa anapita mbali na ndoo. Kwanza aligeuza uso haraka. Kisha akatazama tena, akaitua ndoo, akaja mbio.

"Mume wako yupo?"

"Yupo," mama akasema. "Anakufa. Furahini sasa."

"Tufurahi nini? Kwa nini hukuniita?"

"Mbona hamkuja? Siku sita!"

"Dada, ulifunga nyumba! Mume amesafiri, wewe hutoki, hutazamwi. Tukajua mimba imekuharibikia. Kwetu nyumba ya namna hiyo haiingiliwi, haiombwi moto, mpaka siku zake ziishe. Tulikuwa tunakuheshimu!"

Mama akaiokota khanga sakafuni.

Wanaume wanne walimbeba baba na kitanda chake mpaka kwenye trela la ngano. Nyapara alisimama pale na kofia mkononi. Walimfunika kwa ile khanga, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Hospitalini Karatu mganga alimpima, akauliza ameugua tangu lini, akainamisha kichwa. "Mngemleta siku ya pili," akasema, "tungemchoma sindano." Baba alimaliza usiku mmoja tu pale.

Tukamzika. Chumba kikapewa mtu mwingine, kama mama alivyoogopa tangu mwanzo, ila sasa hakujali. Nimeishi katika vyumba vingi tangu hapo na bado siwezi kuvuta pazia mchana bila kusikiliza kwanza kama kuna mtu anayepumua.

Asubuhi ya kuondoka dirisha lilikuwa wazi. Mama alikuwa akifunga mafurushi. Jirani akapitisha kichwa dirishani, macho yamemvimba, akauliza kama alivyouliza siku zote:

"Mmelalaje?"

Siku sita mama alikuwa ameyangoja maneno hayo. Alisimama na kamba mkononi, akalitazama lile dirisha, kisha akainama tena kufunga furushi.