Mnunuzi Aliyekaa Kimya

Mwalimu wa mimea wa lile shamba la juu, kule milima ya Jura, hakuwa mtu wa kukurupukia majina. Mwanafunzi akisema, "Jani hili linaumwa," yeye huipuliza ncha ya penseli na kujibu kwa sauti ya chini, "Hilo ni jina tu. Mimi nimeuliza umeona nini." Basi wote hukaa majanini wakichora, kisha hufumba macho na kuchora tena kwa kumbukumbu, mpaka supu ya shayiri ipoe jikoni. Vreni, mchuuzi wa mifugo, alimwona Mwalimu huyo kuwa mteja rahisi. Nyasi kavu zilikuwa zikimwishia na theluji i mlangoni. Ilibidi auze siku ile ile yule ng'ombe wake mwenye pembe nzuri na mateke mabaya.

"Mpole huyu, Mwalimu, kama mkwe mpya."

Mwalimu aliketi juu ya ndoo, kofia gotini, akatazama. Hakugusa kiwele wala hakukagua meno. Alichora, akafumba macho, akachora tena. Vreni akasifu maziwa, akasifu ukoo, akasifu hata mkia. Kimya. Maneno yakamwishia, na kimya kile kikaanza kumtafuna.

"Haya, fumbua macho, Mwalimu. Anapiga mateke akikamuliwa. Nitakushushia bei."

Mwalimu akamgeuzia karatasi. Ng'ombe hakuwemo. Alikuwemo Vreni, mikono kaificha mgongoni, mdomo wazi.

"Ng'ombe namchukua," alisema. "Yeye nitamtazama nyumbani. Nina majira yote ya baridi."