Mwanasesere wa Mkufunzi

Mkufunzi wa wakunga pale Iringa habonyezi saa yake kabla ya kuifuta kwa pindo la kanga. Mwanasesere wa mpira hulazwa mezani akiwa ndiye mtoto aliyezaliwa bila kupumua, na mwanafunzi ana dakika moja tu ya kumpa hewa kwa mfuko wa kupumulishia. Akifaulu, mkufunzi humwinamia mwanasesere na kumsalimu Kihehe, “Kamwene!”, kama mgeni aliyebisha hodi akaitikiwa.

Asubuhi moja mwanafunzi Tumpe alipitisha dakika hiyo kwa sekunde tisa. Mkufunzi hakufoka. Alimfunika mwanasesere uso kwa kanga, taratibu.

“Mwalimu, si mpira tu huyo?” Tumpe alijitetea.

“Mpira, ndiyo. Ndiyo maana unarudia.”

Akamfunua, akaanza kuifuta saa.