Jibu la Amoding

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika mapema kuliko mwenye funguo. Ilikuwa chekechea ya kanisa pale Amukura, chumba kimoja chenye mikeka, ubao uliochakaa na sanduku la vizibo vya soda tulivyotumia kufundishia hesabu. Nilikuwa nimevaa viatu vipya vilivyonibana, na nilikuwa nimeshika daftari la mahudhurio kifuani kama mtu aliyebeba yai.

Msimamizi wetu alikuwa mwalimu mzee, mtu wa maneno machache. Alinionyesha chumba, akaniambia, "Madam, hawa watoto wakikuogopa kidogo ni sawa. Wakikuogopa sana hawatarudi." Kisha akakaa kwenye meza yake pembeni.

Saa mbili ilipogonga, akaja mama mmoja amembeba mtoto wa miaka sita mgongoni, miguu ya mtoto ikining'inia karibu na magoti yake. Mtoto aliitwa Apio. Shingo yake haikusimama vizuri na mikono ilikuwa imejikunja. Siku hizi najua hali hiyo inaitwa mtindio wa ubongo: ubongo uliumia kabla au wakati wa kuzaliwa, kwa hiyo amri zake haziifikii misuli inavyotakiwa. Wakati huo sikujua kitu. Nilimtazama msimamizi. Akatikisa kichwa.

"Mwambie huyu ni wa shule maalumu," akasema, bila kuinuka.

Nami nikamwambia. Nilisema kwa sauti ya upole, nikidhani upole unatosha. Yule mama hakubishana. Alimfunga mtoto upya kwa leso, akasema, "Asante, mwalimu," akaondoka. Shule maalumu yenyewe ilikuwa mbali, ya bweni, na haikupokea watoto wadogo. Nililijua hilo nilipokuwa nikimwambia. Miaka kadhaa baadaye niliulizia familia ile sokoni nikaambiwa walihamia upande wa Uganda, kwa ndugu zao. Sikuwapata tena.

Mnaoanza kazi hii leo mnasikia maneno elimu jumuishi tangu siku ya kwanza ya mafunzo: kila mtoto asome karibu na kwao, pamoja na wenzake, shule ndiyo ibadilike imfae. Sisi tulifunzwa kuchagua. Mtoto aliyetembea, akaongea, akajisaidia mwenyewe, huyo ndiye aliyekuwa tayari kwa chekechea. Wengine tuliwarudisha nyumbani na tukalala usingizi.

Kutoka Amukura nilihamishiwa Budalang'i. Mwaka huo mto Nzoia ulivunja kingo zake, shule ikaingia maji hadi madirishani, nasi tukafundisha kambini chini ya turubai. Pale hapakuwa na lango wala ofisi ya kumkagua mtu. Watoto walikuja jinsi walivyo. Alikuwepo msichana mwenye uoni hafifu, yaani anaona kidogo sana, ambaye nyumbani hakuna aliyewahi kufikiria kumpeleka shule. Alikaa mbele kabisa, pua karibu iguse ubao, akaimba namba na wenzake. Nilifundisha wiki tatu kabla sijajiuliza nani alimruhusu. Hakuna aliyemruhusu. Hapakuwa na mtu wa kumkataza.

Jambo hilo lilinisumbua kiasi kwamba nilijiandikisha kusomea mahitaji maalumu wakati wa likizo, kila Aprili, Agosti na Desemba. Nilipelekwa kufanya mazoezi katika kituo cha tathmini mjini Busia. Kituo cha tathmini ndicho mahali mtoto hupimwa kusikia, kuona, viungo na uelewa, ndipo wakubwa waamue atasaidiwaje. Afisa wa tathmini alikuwa mama mkali, mwenye miwani ya kamba. Nilimletea ripoti yangu ya kwanza kuhusu mtoto mmoja, ukurasa mzima wa majina ya magonjwa. Akaikunja akanirudishia.

"Usiniambie ana nini. Niambie anafanya nini."

"Hafanyi kitu, madam."

"Anapumua?"

"Ndiyo."

"Basi anafanya kitu. Rudi ukaangalie."

Serikali ya kaunti ilipotuajiri walimu wa chekechea, nilipangiwa Malaba. Darasa langu la PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, lilikuwa ndani ya uwanja wa shule ya msingi, ng'ambo ya ukuta foleni ya trela zikingoja kuvuka mpaka. Tulizoea kufundisha huku injini zikinguruma. Watoto wetu walitoka nyumba za kupanga: watoto wa wabadilisha pesa, wa akina mama wanaouza chai kwa madereva, wa makarani wa mizigo. Kiswahili, Kiteso, Kiluhya na Kiganda vilikuwa darasani kwa wakati mmoja.

Siku moja niliwaambia wachore watu wanaoishi karibu nao. Nasimiyu, msichana wa miaka mitano mwenye maneno mengi, alichora mlango, na ndani ya mlango duara dogo lenye macho.

"Huyu nani?"

"Amoding. Ni jirani yetu."

"Mbona haji shule?"

"Yeye hatoki, mwalimu. Mama yake akienda kuuza chai anafunga."

Jioni ile nilimfuata Nasimiyu hadi kwao. Mama Amoding ndiyo kwanza alikuwa anateremsha birika zake. Aliponiona alisimama mlangoni akauziba kwa mwili wake.

"Mwalimu, sikumficha," akasema kabla sijamsalimu. "Watu wanasema nimemficha. Yeye hawezi kutoka, lakini watu wanaweza kuingia. Hapa kuna watu wa kila aina. Ndiyo maana nafunga. Na kila nikimaliza birika moja narudi kumgeuza."

"Nimekuja kumwona tu, mama."

Akasogea. Amoding alikuwa amelala godoroni, msafi, nywele zimesukwa vizuri mistari midogo midogo. Alikuwa na miaka mitano. Miguu ilikuwa imepishana kama mkasi, na kichwa kilianguka upande. Nilimkumbuka Apio hata kabla sijakaa. Nikamwambia mama yake amlete Jumatatu, kisha nikarudi nyumbani nikiwaza nitamwambia nini Mwalimu Mkuu.

Mwalimu Mkuu wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye shule iliyojaa na walimu wachache. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja.

"Nani atampeleka choo?"

"Mimi. Na mama yake atakuja saa nne."

"Na wewe ukiugua?"

Alichezea kalamu yake. "Muhula mmoja, madam. Wazazi wakilalamika, tutaongea tena."

Kikwazo cha kwanza kilikuwa kiti. Mtoto asiyeweza kukaa hawezi kutumia mikono wala macho yake. Nguvu zote zinaishia katika kujizuia asianguke. Kwenye mafunzo tulionyeshwa kutengeneza kiti cha katoni. Malaba haikosi katoni. Nilizikusanya madukani, mama Amoding akapika gundi ya unga wa ngano, tukabandika karatasi nene moja juu ya nyingine, tabaka baada ya tabaka, tukaziweka chini ya mawe zikauke. Ubao unaotoka hapo ni mgumu, unakatwa kwa msumeno. Fundi viatu wa jirani alitukatia: mgongo ulionyooka, mbavu mbili za kuzuia kiuno, kigingi cha kutenganisha magoti, na meza ndogo mbele. Mkanda tulishona kwa leso.

Siku tulipomkalisha, kichwa kilisimama. Si kwa muda mrefu, lakini kilisimama. Mama yake alikuwa hajawahi kumwona mwanawe akimtazama kutoka mbele akiwa ameketi peke yake. Alitoka nje akasimama karibu na ukuta, akakaa huko hadi machozi yalipokauka.

Ningependa kuwaambia kwamba kuanzia hapo nilifanya kazi nzuri. Sikufanya. Muhula wote wa kwanza nilimweka Amoding karibu na dirisha, nikampa mdoli mkononi, nikamfuta mate, nikamwimbia, kisha nikawageukia wengine nikafundisha. Mzazi mmoja alilalamika kwamba mwanawe ataiga kutoa ulimi. Nilimtetea Amoding kwa maneno makali hadi yule mzazi akanyamaza, nami nikajisifu moyoni. Nilikuwa nimemkalisha darasani. Sikuwa nimemfundisha.

Aliyenizindua ni Nasimiyu. Tulikuwa tunakunywa uji, nami namlisha Amoding kwa kijiko.

"Mwalimu, hataki tena," Nasimiyu akasema.

"Umejuaje?"

"Si amefunga macho? Akifunga hataki. Akitaka anaangalia juu."

Niliweka kijiko chini. "Amoding, unataka uji?" Macho yakafumba. "Unataka maji?" Akaangalia juu, kwenye mabati, akabaki hivyo mpaka nilipomletea kikombe.

"Tangu lini?" nikamuuliza Nasimiyu.

"Tangu kitambo," akasema, akishangaa kwamba mwalimu hajui.

Watoto wote walijua. Walikuwa wakiongea naye miezi mitatu, wakimuuliza achezee rangi gani, nani awe mama na nani awe dereva, nami mwenye cheti nikimfuta mate. Jioni ile nilikaa na vizibo na kadi za rangi. Nyekundu ni hii? Macho yakafumba. Ni hii? Juu. Alijua rangi zote, alijua kuhesabu hadi tisa, alijua majina ya wenzake darasani. Jambo moja nililopaswa kujifunza ni kungoja. Jibu lake halikuja upesi. Kati ya swali na macho kuinuka ungeweza kukunja nguo moja. Mara nyingi nilikuwa nimeuliza, nikajijibu, nikaendelea, naye ndiyo kwanza anainua macho.

Miaka miwili ikapita, PP1 na PP2. Ikaja zamu ya Gredi ya Kwanza, na Mwalimu Mkuu akatuita ofisini: mimi, mama Amoding, na Amoding katika kiti chake cha pili, maana cha kwanza kilikuwa kimeanza kumbana.

"Akiwa PP ni wa kaunti," Mwalimu Mkuu akaanza. "Akiingia gredi ni wangu. Madarasa yale yana ngazi. Darasa moja lina watoto wengi, mwalimu mmoja. Mimi sikatai mtoto, lakini sitaki aje kukaa kama picha ukutani."

Nilimpa barua ya afisa wa tathmini na faili ya kazi za Amoding. Alisoma barua, akafungua faili, akaifunga. Niliona kwamba hakuamini. Labda alidhani mimi ndiye niliyejibu kwa niaba ya mtoto. Singemlaumu, walimu huwa tunafanya hivyo.

"Nyinyi mnasema anaelewa," akasema. "Acha nimuulize mwenyewe." Akainama. "Amoding. Unataka kuja Gredi ya Kwanza, kwa shule yangu?"

Tukangoja. Trela moja iliondoka ng'ambo ya ukuta, vioo vya dirisha vikatetemeka. Amoding akamtazama Mwalimu Mkuu usoni. Kisha akafunga macho.

Mama yake akashtuka. "Amoding! Jibu vizuri!"

"Si umesikia swali?" nikamwuliza mtoto, sauti yangu ikipanda. Akafungua macho, akanitazama, akayafunga tena, kwa nguvu, ili tusikosee.

Miaka miwili ya kazi ilikuwa inaniponyoka pale mezani. Nilitaka kumweleza Mwalimu Mkuu kwamba mtoto amechoka. Neno lilikuwa mdomoni. Halafu nikalimeza, kwa sababu hakuwa amechoka. Alikuwa amesema hapana, na kazi yangu ilikuwa kujua kwa nini.

"Unaogopa walimu?" Hapana.

"Ni ngazi?" Hapana.

"Unataka kukaa nyumbani na mama?" Macho yakafumba haraka kuliko siku zote, hata mama yake akacheka katikati ya hofu.

Nikafikiri. Orodha za madarasa zilikuwa zimebandikwa ubaoni wiki ile, na watoto walikuwa hawana mazungumzo mengine: nani mkondo wa Mashariki, nani Magharibi. Amoding, kama angepokelewa, nafasi ilikuwa imebaki Mashariki tu.

"Ni kwa sababu Nasimiyu amewekwa Magharibi?"

Macho yakapanda juu. Yakabaki juu. Mwili wote ulinyooka ndani ya mkanda.

Mwalimu Mkuu akatoa miwani akaifuta kwa tai. "Wazazi wenyewe wakiingia hapa wanaitikia kila kitu," akasema. "Huyu amekaa ofisini kwangu amenikatalia mara mbili." Akavuta orodha, akakata jina la Nasimiyu upande mmoja akaliandika upande mwingine, kisha chini yake akaandika la Amoding. "Na hizo ngazi, mwambieni fundi aje aniambie anataka saruji kiasi gani."

Nilistaafu miaka michache baadaye, nilipotimiza sitini. Amoding hatembei na hatatembea. Anasoma kwa ubao wa picha na herufi, polepole, na kuna walimu waliomsaidia na kuna waliomweka karibu na dirisha kama nilivyofanya mimi. Choo cha shule bado kina mlango mwembamba usiopitisha kiti. Siwaandikii haya ili mdhani tulishinda. Nawaandikia kwa sababu mtakutana na watoto ambao tayari wanasema, na darasa zima linawasikia isipokuwa nyinyi.

Mwezi uliopita bibi mmoja alikuja kwangu kutoka Port Victoria na mjukuu wa kike wa miaka minne. Aliniambia amesikia nilikuwa mwalimu wa watoto kama hawa, akaanza kunieleza mtoto ana nini. Nilimwomba radhi, nikakaa sakafuni mbele ya mtoto, nikamuuliza jina lake. Bibi akafungua mdomo ajibu. Nikamgusa mkono. Chai ilipoa. Mtoto akatazama paa, akatazama vidole vyangu, akahangaika na midomo yake, mwishowe akatoa sauti: "Fula."

"Nafula!" bibi akasema. "Sijawahi kumsikia akilitaja."

Jumatatu tulienda kituo cha tathmini, sote watatu juu ya bodaboda moja, Nafula katikati.